Tumbaku, Asali na Mwenye Msitu: Je, Soko Linaweza Kuiokoa Miombo ya Tabora?

Mkoa wa Tabora una mazao mawili yanayoishi kwa mgongo wa msitu mmoja, wa miombo. Asali inataka mti uliosimama. Tumbaku ya mvuke inataka mti uliolala, ukakatwa magogo na kupangwa kando ya bani, nyumba ya kukaushia majani kwa moto. Yote mawili ni biashara, yote yana wanunuzi wanaotoka mbali, na yote yalikuwepo kabla ya Uhuru. Kwa hiyo mtu akiniambia soko ndilo linalomaliza misitu yetu, namuuliza: soko lipi? Na akija mwingine na habari kwamba soko ndilo litakaloiokoa, swali langu ni lilelile.

Mjadala huu umerudi kwa sababu ya kaboni. Kwa jirani zetu wa Katavi, vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika vinavyozunguka milima ya Ntakata viliingia mkataba na kampuni ya Carbon Tanzania. Vijiji vinalinda msitu. Wataalamu wanakadiria hewa ukaa ambayo ingepanda angani kama msitu ule ungefyekwa, makadirio yanageuzwa hati, hati zinauzwa kwa kampuni za nje, na sehemu ya fedha inarudi kijijini. Ni mabilioni ya shilingi, na yamejenga madarasa na zahanati na kuwalipia watu bima ya afya. Tukumbuke kwamba eneo lile lilikuwa sehemu ya Tabora hadi mwaka 1974, ulipoundwa Mkoa wa Rukwa. Miombo ni ileile, udongo ni uleule. Mwana Sikonge au Kaliua akiuliza "na sisi lini?", ana haki ya kuuliza.

Wanaoamini soko wana hoja nzito, na si vizuri kuitupa kwa sababu tu imetoka ng'ambo. Mwaka 1968 mwanabiolojia wa Marekani, Garrett Hardin, alieleza habari ya malisho ya wote. Kila mfugaji anaongeza ng'ombe mmoja, kwa kuwa faida ya ng'ombe yule ni yake peke yake ilhali hasara ya nyasi wanagawana wote. Kila mmoja ana akili timamu, na wote pamoja wanaimaliza nchi. Miaka minane kabla yake, mchumi Ronald Coase alikuwa amejenga hoja kwamba haki za mali zikiwa wazi, na kupatana kusipogharimu sana, watu wanaweza kumaliza wenyewe ugomvi wa uchafuzi bila serikali kuwapangia. Kutokana na mawazo hayo mawili likazuka kundi zima la wataalamu wenye dawa moja: kipe kila kitu mwenyewe, kiwekee bei, mwenyewe atakilinda. Dawa hiyo imefanya kazi mahali pengine. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1990, iliweka kikomo cha moshi wa salfa wa mitambo ya umeme na kuruhusu vibali vya moshi huo viuzwe na kununuliwa, na moshi ukapungua sana. New Zealand tangu 1986 inawagawia wavuvi mgao wa samaki ambao mtu anaweza kuuuza kama anavyouza shamba.

Sasa tuiingize dawa hiyo kwenye bani la Urambo, hapahapa Tabora.

Bani ni nyumba ndogo ya matofali, imezibwa, ina tanuri na mabomba ya kupitisha joto. Majani mabichi yanafungwa kwenye fito na kuning'inizwa ndani, moto unawashwa, na kwa karibu wiki nzima hauzimwi, usiku wala mchana, hadi jani liwe la njano na kikonyo chake kikauke kabisa. Mkulima analala palepale, maana moto ukilegea jani linaharibika. Mwombe daftari lake la msimu. Utakuta mbolea ya NPK na CAN, dawa, nyuzi, vibarua, makato ya AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, na riba ya mkopo wa pembejeo. Kuni nazo utazikuta, lakini angalia vizuri zimeandikwaje: pesa ya trekta ya kuzisomba na pesa ya vijana waliozikata. Mti wenyewe, uliokaa miaka arobaini au hamsini kufikia unene ule, kwa kawaida haumo; au umo kama kibali cha pesa kidogo kisicholingana hata chembe na umri wake. Kisha inafika siku ya soko. Mteuzi, yaani mpanga madaraja, anapita kwenye mitumba ya tumbaku, kila jani lina daraja, kila daraja lina bei ya dola hadi senti ya mwisho. Kilicholigeuza jani bichi kuwa dola hakina bei popote. Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wahenga. Hapa daftari lipo, ila mti haukuandikwa.

Hapo ndipo hoja ya haki za mali inapokuwa na nguvu kuliko mahubiri yote ya Siku ya Upandaji Miti. Wakulima wa Urambo si watu waharibifu kuliko wengine. Tumbaku ilishika pale baada ya mpango wa karanga wa Waingereza kuporomoka mwaka 1951, na tangu mwanzo ilijengwa juu ya kuni za bure. Kuni zikiisha karibu, mashamba na mabani yanasogea zilipo. Aliye karibu na msitu anapata faida kumzidi aliye mbali, na aliyepanda miti yake mwenyewe anapata hasara kumzidi anayekata ya porini, kwa sababu amegharamia kitu ambacho mwenzake anakipata bure. Hakuna semina inayoweza kuushinda mpango wa namna hiyo.

Lakini tusimpambe mrina asali kwa sababu tu anahitaji maua. Yeye anaingia porini na mizinga, anaitundika juu ya matawi, anakaa kambini wiki nzima au zaidi wakati wa kurina, anarudi na ndoo kwenye baiskeli. Anauogopa moto wa kiangazi kuliko bwana misitu anavyouogopa, maana moto ukipita mizinga inaungua pamoja na nyuki. Mzinga wake una mwenyewe na wenzake wanajua ni wa nani. Kuiba asali ya mwenzako ni aibu kubwa. Pamoja na hayo, wafugaji nyuki wengi wametengeneza mizinga ya magome. Unachagua mti wa mtundu au muyombo, mnene ulionyooka, unaubandua gome lake lote kwa kuzungusha, unalikunja na kulishona liwe mzinga. Mti uliobanduliwa hivyo unakufa umesimama. Mtu anayeishi kwa maua anaua mti unaotoa maua, tena mmoja kwa kila mzinga au karibu na hapo. Mzinga ni wake, ndiyo maana anaulinda. Mti si wake, na si wa mtu yeyote anayemfahamu kwa jina.

Kwa hiyo yule mwenye asali na yule mwenye tumbaku wanafanana kuliko tunavyopenda kukubali. Hili linanitosha kusema kwamba soko lenyewe halina dini. Linafuata mahali haki ilipo, na pasipo na haki linachukua bure.

Nani basi ndiye mwenye msitu wa Tabora? Kisheria ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini. Chini ya hapo kuna hifadhi za misitu za taifa chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, kuna za halmashauri, kuna mapori na hifadhi za wanyama, na kuna ardhi ya vijiji kwa Sheria Namba 5 ya mwaka 1999. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilikwenda mbali: kijiji kinaweza kutenga msitu kwenye ardhi yake, kuupangia utaratibu, kutoza faini na kubaki na mapato. Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka huohuo inakiruhusu kijiji kuwa na hifadhi yake ya nyuki. Kwenye karatasi, wachache barani Afrika wametuzidi.

Historia lakini haikuanza na karatasi hizo. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwatoa watu wengi kwenye misitu ya magharibi kwa sababu ya ugonjwa wa malale na kuwakusanya kwenye makazi ya pamoja. Mashamba yao, makaburi yao na mizinga yao ikabaki nyuma, msitu ukafunga, na baadaye sehemu kubwa ikachorwa kwenye ramani kama hifadhi, kana kwamba hapakuwa na mtu tangu kuumbwa kwa dunia. Vijiji vya ujamaa vikahamisha watu mara ya pili. Leo tukisema "msitu usio na mwenyewe", tujue mara nyingi ni msitu ulionyang'anywa mwenyewe, na wajukuu zake wanaishi kilomita chache kutoka hapo.

Ulyankulu, hapahapa Tabora, inalionyesha jambo hili kwa namna nyingine. Makazi yale yalifunguliwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Kwa miongo mingi hayakuwa vijiji vya kawaida. Yalikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Watu walilima, tumbaku ikiwemo, wakazaa, wakazika, na bado hawakuwa na ardhi ya kuita yao. Walipoanza kukubaliwa uraia waliambiwa kwanza kwamba watahamishiwa mikoa mingine, kisha mpango ukabadilika, na mwaka 2014 ndipo watu zaidi ya 160,000 wa Ulyankulu na makazi mengine kama hayo, Katumba na Mishamo, walipopata uraia wao. Sasa jiweke katika nafasi ya mkulima wa pale kati ya 1975 na 2010. Afisa kilimo anakuletea miche ya mikaratusi na kukuambia panda, baada ya miaka saba utakuwa na kuni zako. Miaka saba! Hujui kama mwakani utakuwa hapo. Mtu mwenye akili anakata uliopo.

Hali hiyo si ya waliokuwa wakimbizi peke yao. Vijana wengi wanaolima tumbaku wanalima mashamba ya kukodi. Mwenye shamba hapendi mpangaji apande miti ya kudumu, kwa sababu mti ni dai la ardhi. Leo kapanda mkaratusi, kesho anasema pangu. Masharti ya mikataba ya tumbaku yanayomtaka kila mkulima apande miti yanapita juu ya ukweli huo bila kuugusa. Miche inagawiwa, picha zinapigwa, na mbuzi wanafanya yao.

Hadi hapa nimeonekana kama wakili wa soko. Sasa nigeuke.

Kosa la kwanza la waumini wa soko ni kudhani kwamba palipo na mali ya wote hapana sheria. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia maisha yake kuonyesha kinyume: duniani kote kuna jamii zilizotunza malisho, mifereji na misitu kwa karne nyingi bila kuibinafsisha na bila polisi wa serikali. Sisi hatuhitaji kwenda mbali kumwelewa. Wasukuma, pamoja na majirani zao wa Nzega na Igunga, wana ngitili: eneo la nyasi na miti linalofungwa mvua zikianza na kufunguliwa kiangazi malisho yakiadimika. Ngitili nyingine ni ya familia, nyingine ni ya kijiji. Vijiji vya ujamaa vilipowatoa watu kwenye maeneo yao, ngitili nyingi zilikufa. Serikali ilipoanza mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) mkoani Shinyanga mwaka 1986, mkoa ulikuwa karibu jangwa. Mradi ukafanya jambo la busara, ukawaachia wenyewe watu utaratibu wao, na baraza la jadi, dagashida, likarudi kuamua nani aingie na mwenye kosa atozwe nini. Ndani ya miaka kama ishirini ngitili zilirudi kwenye mamia ya maelfu ya hekta. Hapakuwa na kaboni wala mnunuzi kutoka Ulaya. Kilichorudi ni haki, pamoja na uhakika kwamba hataibuka mtu mwingine kuichukua.

Wapo watakaosema ngitili ni ushahidi wa upande wao, kwamba haki za mali zilifanya kazi. Ni kweli. Ila haki ile haikuuzwa, na sidhani kama ingedumu ingekuwa inauzika. Hapa ndipo haki na bei zinapoachana, na watu wengi wanazichanganya.

Kosa la pili ni la bei. Mwenye kulinda kwa sababu ya bei ataacha bei ikianguka. Bei ya kaboni haipangwi Sikonge. Januari 2023 gazeti la Guardian la Uingereza na Die Zeit la Ujerumani yalichapisha uchunguzi uliodai kwamba zaidi ya asilimia 90 ya hati za misitu ya mvua zilizochunguzwa, zilizoidhinishwa na Verra, shirika la kuthibitisha hati za kaboni, huenda hazikupunguza hewa ukaa yoyote ya kweli. Verra ilipinga, lakini wanunuzi walishtuka. Mwaka huohuo kampuni ya South Pole, muuzaji wa hati hizo, ilijitoa kwenye mradi mkubwa wa kaboni wa Kariba, Zimbabwe. Sisemi Ntakata ni hivyo; misitu ile ipo na fedha zilizojenga madarasa zipo. Nasema tu kwamba bidhaa yenyewe ina udhaifu wa kuzaliwa nao. Unauza kitu ambacho hakikutokea, yaani miti ambayo ingekatwa kama usingekuwepo, na hesabu ya "ingekatwa" inafanywa na watu wenye faida ikiwa kubwa. Kijiji kilichotunza msitu wake vizuri miaka yote kinaweza kuambiwa hakina cha kuuza, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiufyeka. Aliyefyeka jana akiacha leo, huyo ana bidhaa. Mzee yeyote wa baraza angeuona upuuzi wake mara moja.

Kanda ya magharibi imeshaionja ahadi ya namna hii. Mwaka 2008 Norway iliahidi Tanzania kroni milioni 500 kwa ajili ya MKUHUMI, mpango wa kupunguza hewa ukaa kwa kuzuia uharibifu wa misitu. Miradi ya majaribio ilitawanywa nchini, mmoja ukiwa eneo la Masito na Ugalla mkoani Kigoma, ukisimamiwa na taasisi ya Jane Goodall. Ramani zikachorwa, kamati zikaundwa, watu wakafundishwa kupima vipenyo vya miti. Fedha zilikuwa za msaada, si za soko, na muda wa msaada ulipokwisha miradi mingi nchini ilikuwa haijafika hatua ya kuuza chochote. Mwanakijiji aliyezuiwa kufungua shamba kwa miaka mitatu kwa kuahidiwa kaboni hawezi kuwa na hamu na mgeni wa pili mwenye ramani.

Kosa la tatu linaniumiza zaidi. Ukimpa mmoja haki, umemnyima mwingine. Ukisema "msitu ni wa kijiji" swali linalofuata ni nani mwenye kiti kijijini. Mfugaji wa Kisukuma aliyeingia Kaliua na ng'ombe wake miaka kumi iliyopita, je, yumo? Mama anayeokota uyoga mvua za kwanza na kuuuza kwa kopo barabarani, je, aliulizwa mpaka ulipopitishwa juu ya njia yake? Haki yake haijaandikwa popote, kwa hiyo mkataba hauwezi kumlipa fidia. Mikataba ya kaboni ni ya miongo, imeandikwa kwa lugha ambayo mwenyekiti wa kijiji haisomi, na inasainiwa mbele ya mkutano mkuu ambao umeanza saa nne na umechoka saa saba. Msitu ukiwa na bei, wenye nguvu ndani ya kijiji wanaugundua. Ulipokuwa hauna bei, angalau hawakuutamani.

Basi tuuache kwa serikali? Kwa hili rekodi inajieleza. TFS ina hifadhi kubwa na watu wachache, tena inategemea mapato ya mazao ya misitu ileile inayoilinda. Na serikali inaweza kuiondoa haki haraka kuliko soko. Pori la Akiba la Ugalla lilikuwa na utaratibu wake, wafuga nyuki na wavuvi wakiingia kwa vibali vya msimu. Mwaka 2019 pori likapandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, na sheria za hifadhi za taifa ni kali zaidi. Hazina nafasi ya mzinga. Uhifadhi ulishinda siku hiyo, ila kundi moja la watu waliokuwa na sababu ya fedha ya kuuogopa moto na kuutaja ujangili lilitolewa nje. Tembo anahitaji hifadhi, sibishi. Najiuliza tu kama ilikuwa lazima kumpoteza mlinzi ambaye alikuwa hadai mshahara.

Mfano wa Kilosa, mkoani Morogoro, unanisumbua pia. Tangu mwaka 2012, kwa msaada wa Uswisi, vijiji vya huko vilitenga sehemu ya misitu yao kwa mkaa: vitalu vidogo vinavunwa kwa zamu, visiki vinaachwa vichipue, kila gunia linalipiwa ushuru kijijini. Mkaa, adui mkubwa wa msitu, ukawa sababu ya kijiji kulinda msitu. Halafu kanuni za uvunaji za mwaka 2019 zikaongeza ngazi za vibali nje ya kijiji, na biashara ikayumba. Haki inayoweza kupunguzwa kwa tangazo la gazeti la serikali ni haki ya kukopeshwa. Kwa hali hiyo hata mkulima wa mikaratusi anapiga hesabu ya Ulyankulu.

Kuna pia vitu ambavyo hakuna namna ya kuvigawia wenyewe. Shuka mwisho wa reli, Kigoma. Dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika hawana mpaka wa kijiji wala wa nchi; ziwa ni la mataifa manne, na maji yake yanapata joto mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana Tanzania, kwa makubaliano na majirani, ilifunga uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Ilikuwa amri, na iliwaumiza watu wa Kibirizi na Katonga waliokaa miezi mitatu bila kipato. Mtu anaweza kupendekeza mgao unaouzika kama wa New Zealand. Ataugawaje kati ya maelfu ya mitumbwi ya nchi nne, na nani atahesabu ndoo usiku wa giza ziwani? Mahali kama hapo soko linabidi lingoje serikali imalize kazi yake kwanza.

Turudi msituni, mahali ninapoona kitu kinawezekana. Maoni yangu ni kwamba Tabora imeanzia mwisho. Tunauliza kaboni itauzwa kwa nani kabla ya kuuliza mpaka wa msitu wa kijiji uko wapi na nani anaweza kuubadilisha. Wahadzabe wa bonde la Yaeda, ambao nao baadaye waliuza kaboni, walipata hati ya kimila ya pamoja ya ardhi yao mwaka 2011. Hati ile ingewafaa hata kama kaboni isingekuja kamwe, kwa sababu iliwapa nguvu ya kumwambia mvamizi toka. Kijiji chenye hati, mpango wa matumizi ya ardhi uliopitishwa na mkutano wenye wafugaji na akina mama ndani yake, na uhakika kwamba wilaya haitaugeuza mwakani, kinaweza kukaa mezani na mnunuzi yeyote na hata kumkatalia. Kisicho na hivyo kitasaini chochote.

Na mnunuzi wa kwanza wa msitu wa Tabora hayuko Ulaya. Yuko kwenye bani. Kuni za tumbaku zingenunuliwa kutoka misitu ya vijiji na mashamba ya miti kwa risiti, kwa bei inayolingana na miaka ya mti, na AMCOS isingepokea mtumba usio na risiti hiyo. Tayari mtumba una namba na jina la mkulima. Risiti ya kuni si elimu ya anga. Mwenye kupanda mikaratusi angepata mteja, bani la kisasa linalokula kuni kidogo lingekuwa na faida inayoonekana mfukoni, na kijiji kingekuwa na sababu ya kumfukuza mwizi wa magogo bila kungoja gari la TFS.

Tatizo ni nani atalipa, na hapa wapinzani wa soko wananishika pabaya. Mkulima hapangi bei ya tumbaku. Bei inatoka kwenye mazungumzo ya kila mwaka kati ya wanunuzi na wawakilishi wa wakulima, na wanunuzi ni wachache. Ukiweka bei kwenye kuni na kuacha bei ya jani ilivyo, umemtoza maskini kwa kosa la mfumo, naye atakata usiku. Gharama ya kuni lazima iingie kwenye hesabu ya gharama za uzalishaji inayopelekwa mezani, mstari wake peke yake, chini ya mbolea na juu ya vibarua. Wanunuzi watasema tumbaku ya Tanzania itakuwa ghali kuliko ya Zimbabwe na Malawi. Huenda. Lakini kampuni hizohizo zinachapisha kila mwaka ripoti za kujisifu kuhusu misitu, na itakuwa vizuri kusikia, kwa dola kwa kilo, sifa hizo zina thamani gani kwao. Wawakilishi wetu waende kikao kijacho na namba hiyo mkononi.